Sakshen haivuti, au inavuta nyama: tafuta ubovu kuanzia mkononi

Simu ya tiyeta, chumba cha upasuaji, huwa fupi. "Fundi, mashine yako haivuti." Ni sakshen, mashine ya kufyonza damu na majimaji. Ikifanya kazi ni ya hospitali, ikigoma tu, inakuwa yangu. Nachukua begi, nabadilisha viatu mlangoni, naingia. Pampu inanguruma kama kawaida, geji imepanda hadi mwisho, na sista amenyoosha mkono kunionyesha mrija usiovuta hata tone. Vijana wapya kazini huinama hapo hapo na kuanza kufungua skrubu za pampu. Mimi huomba kwanza kile alichokishika sista.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, maana fundi huanza na dalili, sababu inajificha. Ni wa mafundi wa vifaa tiba na wauguzi wa tiyeta, lakini nimewafikiria pia wanaochora vifaa hivi na wanaokaa kwenye kamati za manunuzi. Ubovu mwingi wa sakshen haukuanza siku uliyopigiwa simu. Ulianza siku mtu alipochora tundu dogo mno, au alipolinunua bila kulitazama.

Tuelewane maneno. Ncha ni kile kipande kigumu cha kushika, cha chuma au plastiki, kinachoingia kwenye kidonda au kinywani. Mpira ni ule mrefu laini unaounganisha ncha na chupa. Tundu la kidole ni lile la pembeni mwa mpini, ambalo daktari hulifunika ili mvuto uende wote mbele, na huliachia ili upungue. Si kila ncha inalo, na tutaliongelea sana.

Soma geji mara mbili kabla ya kushika bisibisi

Washa mashine. Funga mdomo wa ncha kwa kidole chenye glovu, na tundu la kidole ulifunge pia, kisha soma geji. Sasa achia vyote hewani, soma tena.

Ukifunga ikapanda hadi pale ulipoiweka, na ukiachia ikashuka, basi mashine na mpira ni vizima. Anayelalamika ama ana ncha isiyofaa kwa kazi anayoifanya, ama kuna jambo kwenye utumiaji.

Ukifunga isipande, hewa inaingia mahali, au pampu imechoka.

Ukiachia isishuke, kuna kuziba kati ya geji na ncha. Hii ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anaona mshale umesimama kwenye mmHg 600 (milimita za zebaki, kipimo cha kanieneo) anasema, "Mbona presha ipo?" Ipo, lakini imefungiwa ndani. Geji haipimi kiasi kinachopita. Inapima ombwe tu, yaani nguvu ya mvuto. Mashine inaweza kuonyesha namba nzuri kabisa huku hakuna hata kijiko cha damu kinachosogea.

Geji imeganda juu, ncha haivuti

Toa kitu kimoja kimoja, kuanzia mkononi kurudi nyuma. Chomoa ncha kwenye mpira: mpira ukivuma na geji ikashuka, mwizi ni ncha. Kama bado, chomoa mpira kwenye chupa. Kama bado, chomoa chupa kwenye filta. Pale geji inaposhuka, kilichobaki mkononi mwako ndicho kilichoziba. Zoezi zima halizidi dakika moja, na haligusi skrubu hata moja.

Ikiwa ni filta, ile ya duara iliyo kati ya chupa na pampu, usiilaumu. Imetengenezwa ikatae maji. Ikilowa damu au povu inajifunga, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa, ili uchafu usifike kwenye pampu. Badilisha. Kuna kituo kimoja niliitwa pampu ikiwa imekufa, na filta nikaikuta imetobolewa kwa sindano katikati, kitundu safi kabisa, kazi ya mtu makini. Filta iliziba usiku, akiba haikuwepo, operesheni ilikuwa inaendelea, na aliyetoboa aliokoa dakika zile. Simlaumu sana. Lakini nilipofungua kifuniko cha pampu nilikuta damu iliyokauka imejaa kwenye vali kama machicha ya kahawa, dayaframu, kile kiwambo cha ndani ya pampu, imepasuka, na harufu ambayo sitaielezea. Filta moja ya akiba, ikiwa imebandikwa kwa plasta ubavuni mwa mashine, ingetosha.

Chupa ikijaa, boya hupanda na kufunga njia. Wakati mwingine boya hunasa hapo juu hata chupa ikishamwagwa, hasa kama lilikaushwa na damu juu yake. Lioshe, litikise, usikie likigonga.

Mpira ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Ufuate kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, chini ya shuka na chini ya kiwiko cha msaidizi. Ukiwa wa plastiki ya PVC na ulishapitishwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ambako hakuna aliyekusudia uende, utaukuta umelainika na kubanjuka; ukivutwa kwa nguvu kuta zake zinakutana na njia inafungika. Ubane kwa vidole viwili: ukikubali kama ulimi wa kiatu, hauna kazi tena. Na usikubali kuongezewa kipande chembamba "kwa muda". Majimaji yanapotiririka kwa utulivu, kipenyo kikipungua nusu mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya 16. Kuongeza nguvu ya pampu hakufidii hasara hiyo.

Ncha inaziba kila baada ya dakika

Dalili hii hupewa sababu ya "damu nzito". Kweli damu huganda, na dawa ya mezani ni ya zamani: bakuli la maji ya chumvi safi kando ya mgonjwa, na kila baada ya kufyonza damu unafyonza kidogo ya maji hayo ili mrija ubaki umeoshwa. Lakini kama ncha fulani inaziba mno kuliko wenzake kwa daktari yule yule, mgonjwa wa aina ile ile, tazama umbo lake.

Chukua ncha, iangalie kwa kuielekeza kwenye taa. Mahali pembamba kuliko pote panapaswa kuwa mdomoni, pale mbele kabisa, na kuanzia hapo njia iwe inapanuka kuelekea kwenye mpira. Ikiwa hivyo, bonge litakaloshindwa kupita litakwama nje, ambako muuguzi ataliona na kulifuta kwa gozi. Ikiwa mdomo ni mpana na koo ni jembamba, bonge linaingia kwa raha na kukwama ndani, gizani. Nimeona ncha za plastiki zenye mdomo mzuri lakini kiungio cha nyuma, kile kinachoingia kwenye mpira, kina ngazi ndani yake inayopunguza njia ghafla. Kila kitu kinakwama kwenye ngazi hiyo. Hakuna muuguzi anayeweza kurekebisha ngazi hiyo. Ni ya kiwandani.

Kuna kipimo cha kimataifa ambacho ukikielewa kinasaidia. Kiwango cha ISO 10079 kinataka mashine ya kufyonza koo iweze kuondoa mililita 200 za matapishi ya kuigiza kwa muda usiozidi sekunde 10. Wao wana mchanganyiko wao wa maabara. Mimi nikitaka kulinganisha ncha mbili kwa haraka naomba uji jikoni, ule wa wagonjwa, nausubiri upoe, napima mililita 200 na kushika saa. Si kipimo rasmi na siwezi kukiandika kwenye cheti. Ila ncha inayosumbua kwenye uji haitaacha kusumbua kwenye damu.

Geji haipandi hata ukifunga

Hapa anzia upande wa pili. Chomoa kila kitu, ziba tundu la pampu lenyewe kwa kidole. Ikipanda, pampu ni nzima na hewa inaingia mbele yake. Rudisha kimoja kimoja, kila mara ukiziba mwisho, hadi geji ikatae.

Mara nyingi ni kifuniko cha chupa. Oringi, ile pete ya raba, imebanjuka, au ilipakwa Vaseline na mtu mwenye nia njema. Mafuta ya petroli huvimbisha na kuozesha raba ya asili. Chupa za plastiki ngumu hupata nyufa nyembamba kama nywele baada ya kuchemshwa na kupakwa spiriti mara nyingi. Chupa ya kioo yenye ufa usiijaribu kabisa. Ombwe halitoi kioo nje, linakivuta ndani kwa kishindo, kisha vipande vinaruka.

Jambo moja la jiografia kabla hujakataa pampu. Pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Dar es Salaam, usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu mmHg 760. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni karibu 620. Pampu ile ile, inayoondoa asilimia 90 ya hewa, itasoma karibu 680 Dar na karibu 560 Mbeya. Imetumwa nzima, imefika nzima, na watu wameirudisha kwa lori kama mbovu. Kabla ya kuandika fomu ya kurudisha, uliza uko mita ngapi.

Inang'ang'ania nyama

Nimekuja kwenye dalili inayonikosesha usingizi. Zile za juu humchelewesha daktari. Hii humjeruhi mgonjwa, na mashine ikiwa nzima kabisa.

Hali yenyewe iko hivi. Ncha inagusa utumbo, au ukuta wa koo, au ini. Mdomo unazibwa na tishu. Hewa haina pengine pa kuingilia, kwa hiyo ombwe lote la mashine linahamia pale kwenye ngozi ile laini. Tishu inaingia ndani ya tundu kama shavu linavyoingia ukinyonya kwa nguvu. Daktari anavuta mkono, tishu inakuja nayo. Akiachana nayo linabaki duara jekundu, au lengelenge la damu, au kwenye mishipa dhaifu, mchaniko.

Tufanye hesabu ndogo. Tundu la kipenyo cha milimita 4, mashine ikiwa mmHg 600: nguvu inayovuta tishu ni sawa na uzito wa gramu 100 hivi. Ni kama kuning'iniza yai na nusu kwenye utumbo wa mtoto. Shusha hadi 150 na uzito unakuwa gramu 25. Kwa hiyo swali la kwanza mezani si la kifaa bali la kitasa cha kuongezea na kupunguzia mvuto: kwa nini kimezungushwa hadi mwisho? Kwa kufyonza njia ya hewa ya mtu mzima, kawaida ni kati ya 100 na 150. Kwa mtoto mchanga haipaswi kuzidi 100. Tumbo lililojaa damu ni habari nyingine, hapo daktari anahitaji nguvu na ana haki yake. Tatizo ni kitasa kilichoachwa kwenye namba ya mgonjwa wa asubuhi.

Ila namba ya kitasa haitoshi, kwa sababu binadamu husahau. Ncha nzuri inamlinda mgonjwa hata mtu akisahau. Wazee wa kazi hii walilijua. Sidney Yankauer, daktari wa masikio, pua na koo wa New York, aliichora ncha yake mnamo mwaka 1907, na ile ya mtindo wake tunayoishika leo ina kichwa cha mviringo chenye tundu kubwa katikati na vitundu pembeni. Kitu kikiziba katikati, vitundu vya pembeni vinaingiza hewa. Ncha ya Poole ya tumboni ina ganda la nje lenye matundu mengi. Utumbo unaegemea ganda, mvuto unagawanyika, hakuna tundu linalobeba mzigo peke yake. Ncha nyembamba ya Frazier, iliyobeba jina la daktari wa upasuaji wa ubongo Charles Frazier wa Philadelphia, haina nafasi ya matundu mbele, kwa hiyo imewekewa tundu la kidole kwenye mpini.

Tundu hilo la kidole ndipo wachoraji wengi wanapokosea. Wanaliweka, lipo, linaonekana kwenye picha ya bidhaa, lakini ni dogo. Chukua mashine inayopitisha lita 20 za hewa kwa dakika. Mdomo umezibwa na tishu, daktari ameachia kidole, na hewa yote sasa inapita kwenye tundu la kidole. Likiwa la milimita 2, ndani ya mrija bado kunabaki ombwe la karibu mmHg 140. Daktari anaamini ameachia. Tishu inajua hajaachia. Likiwa la milimita 4, linabaki chini ya 10. Ukizidisha kipenyo mara mbili, kinachobaki kinapungua karibu mara 16, na gharama ya kiwandani haiongezeki hata senti, ni kubadilisha ukubwa wa keekee tu. Tundu lenye umbo la tone la maji, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, linafaa zaidi, maana kidole kinaweza kuteleza juu yake na kupunguza mvuto polepole badala ya kuwasha na kuzima.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua glovu ya upasuaji, ilowanishe, iachie ining'inie kwenye ncha kwa kidole chake kimoja, mashine ikiwa kwenye nguvu mtakayoitumia. Funika tundu la kidole: glovu inashika. Achia: glovu idondoke mara moja. Ikibaki inaning'inia, ncha hiyo haina breki.

Siku moja nilinunua robo kilo ya maini buchani nikaenda nayo karakana. Nilikuwa na ncha tatu na wauguzi wawili wasioamini. Ncha ya kwanza, plastiki isiyo na tundu la kidole, mdomo mmoja tu mbele: kwenye 500 ilinyanyua kipande chote cha ini kutoka kwenye sahani, na tulipoking'oa kiliacha pete ya zambarau yenye lengelenge dogo la damu katikati. Ya pili ilikuwa na tundu dogo; tulipoachia kidole, ini lilibaki limeshika, likadondoka baada ya kutikiswa. Ya tatu iliachia yenyewe. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyefanya kazi tiyeta miaka mingi kuliko mimi, aliliangalia lile duara kwa muda kisha akasema, "Fundi, hizi alama mimi nimeziona kwa watu." Hakuongeza neno.

Na kama ncha mliyonayo ni hiyo mbovu na nyingine haipo? Shusha kitasa. Egemeza mdomo ubavu-ubavu, usiuchomeke wima. Weka gozi iliyolowa kati ya ncha na utumbo na kufyonza kupitia gozi. Ni ujanja wa kawaida mezani na unafanya kazi. Na ikishashika, usivute. Kunja mpira au uchomoe kwanza, nguvu ife, ndipo ncha itoke.

Ncha inatoka vipande

Baadhi ya ncha za chuma zina kichwa kinachofunguka kwa hesi ili kisafishwe. Faida ipo. Hatari ni kwamba hesi ikilegea, kichwa kinabaki tumboni na mpini unatoka. Kabla ya kupanga seti, zungusha kila kichwa kwa mkono. Kikicheza, seti hiyo haiendi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008 na kujaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara yetu ikiwemo, inataka vifaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajatoka tiyeta. Ila ukiandika "sakshen 1" kwenye hesabu, kichwa kilichobaki ndani hakionekani. Andika "mpini 1, kichwa 1", na waya wa kuzibulia wa Frazier nao uwe na mstari wake.

Kwa mchoraji: kama kipande lazima kifunguke, kisiwezekane kutoka kwa mzunguko wa bahati mbaya. Bora zaidi kisifunguke kabisa, na usafi utafutwe kwa njia nyingine.

Inachoma pasipotakiwa

Ncha ya chuma na kalamu ya dayathemi, ile inayokata na kuchoma tishu kwa umeme, havipendani, ingawa hukutanishwa kila siku. Kalamu ikigusa chuma, umeme unaenea kwenye ncha yote, na popote ncha inapoegemea mgonjwa panaweza kuungua. Katika kutoa tonsili, pa kuegemea ni pembe ya mdomo. Kidonda kinaonekana wodini, hakuna anayekumbuka kilitoka wapi, na mashine ya dayathemi inaletwa karakana ikaguliwe. Haina ubovu.

Kwa ncha zilizovikwa plastiki ya kuzuia umeme, au zile zinazofyonza na kuchoma kwa pamoja, pitisha ukucha mwili mzima wa kifaa chini ya taa kali. Mkwaruzo unaonasa ukucha unatosha kukitoa kazini. Usikizungushie plasta wala mpira wa infusheni. Nimekutana na vyote viwili.

Imetoka otoklevu, ndani ni chafu

Mvuke wa digrii 134 unaua vijidudu, hauondoi nyama iliyokauka. Na ndani ya mrija mwembamba uliopinda huwezi kuona. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya kunyoa na kufyonza ndani ya viungo, vilivyokutwa na mabaki ya tishu baada ya kusafishwa kwa utaratibu wote. Kama kwao yanabaki, kwetu tusijidai.

Anzia mezani: fyonza maji safi kabla ncha haijakauka. Kisha brashi ya kipenyo kinacholingana na mrija, mpaka itokee upande wa pili, chini ya maji ili isirushe matone. Ile ya Frazier inayokuja na waya: waya unazibua tu, hausugui. Ncha za chuma msizilaze kwenye jiki usiku kucha. Dakika 10 tulizofundishwa ndizo mwisho, zikizidi klorini inakula chuma na kuacha vishimo, na vishimo ndivyo nyumba ya uchafu wa kesho. Mwisho sukuma maji kwa sirinji juu ya gozi nyeupe. Yakitoka na rangi, rudia. Plastiki za kutumia mara moja hazimo kwenye aya hii, ni za kutupwa.

Mfano mzuri wa kifaa kilichochorwa kwa kufikiria mwoshaji ni kile kifyonzi cha mkononi cha watoto wachanga kiitwacho Penguin, cha kampuni ya Laerdal, tunachokiona hata kwenye vyumba vya upasuaji wa uzazi. Vile vya zamani vya raba vilikuwa mpira uliofungwa: uchafu unaingia, hautoki, na huoni kilichomo. Hiki ni cha silikoni inayopitisha mwanga, kinafunguka, kinaoshwa ndani, kinachemshwa. Hakina betri wala geji, na mtu akikiosha vibaya unamwona. Ningependa mchoraji wa ncha za tiyeta akiweke mezani kwake kabla hajafungua kompyuta.

Mkono wa daktari unachoka

Usicheke, ni ubovu pia. Mpira mzito na mgumu huvuta ncha kando kila daktari anapoisogeza, kwa hiyo naye anaikaza, na mkono unaotetemeka ndio unaochomeka ncha mahali pasipotakiwa. Bana mpira kwenye shuka, ukiacha upindo wa kutosha upande wa daktari. Kiungio kinachozunguka kingesaidia zaidi, kama nyufa zake hazitavujisha hewa. Na mpini mlaini unaoteleza ukilowa damu hauna hoja ya kuwepo.

Ncha iliyoleta shida usiitupe

Ioshe, ifunge kwenye mfuko, bandika karatasi. Tanzania, taarifa za madhara ya vifaa tiba huenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mtengenezaji mzuri naye huzitaka. Ila karatasi iliyoandikwa "kifaa kibovu" haimsaidii mtu. Andika kitasa kilikuwa ngapi, mpira ulikuwa wa kipenyo gani, tundu la kidole lina milimita ngapi (keekee za karakana zinapima vizuri tu, jaribu moja baada ya nyingine hadi ipite), ilishika wapi, iliachia vipi. Yule mama wa maini sasa ana daftari lake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Plastiki, haina tundu, mmHg 500, utumbo mdogo, iliachia baada ya kuchomoa mpira." Kamati ya manunuzi ilipokutana safari hii, waliomba walione daftari.